Kifaa kimoja darini, hatari mbili: kinatambuaje moshi na kaboni monoksidi?

Dada wa Njombe (Minnesota)

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba msaada wa wenye ujuzi, hasa mafundi na wahudumu wa afya wanaoishi katika nchi za baridi kali.

Tumehamia katika nyumba ya kupanga hapa Minnesota, Marekani. Chini ya nyumba kuna chumba kilichochimbwa ardhini, na humo ndimo ulimo mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto pamoja na tangi la maji ya moto linalotumia gesi hiyohiyo. Darini, kwenye ushoroba ulio nje ya vyumba vya kulala, kuna kifaa cheupe cha mviringo ambacho mwenye nyumba alituambia kinafanya kazi mbili: kutambua moshi na kutambua gesi ya kaboni monoksidi. Usiku wa kuamkia leo kililia mara nne kwa haraka, kikanyamaza sekunde chache, kikalia tena mara nne, na kikaendelea hivyo. Hatukuona moshi wala kusikia harufu yoyote. Tulifungua madirisha ingawa nje kulikuwa na theluji, na baada ya muda kikanyamaza. Asubuhi jirani yetu, mtu mwema aliyeishi hapa miaka mingi, alisema kwamba ni betri tu inayokwisha. Mume wangu ameshanunua betri mpya, lakini nimemwomba asiziweke kwanza, kwa sababu maelezo hayo hayajaniridhisha.

Naomba kufahamu mambo haya. Kifaa kimoja kinawezaje kutambua vitu viwili visivyofanana, kimoja kinachoonekana na kingine kisichoonekana? Kwa nini kilinyamaza chenyewe? Na kwa kuwa mama yangu yuko Njombe, na ifikapo Juni na Julai huingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto usiku, je, nikimnunulia kifaa cha aina hii kitamfaa?

Fundi wa Hita

Dada, naomba maelezo yangoje. Milio minne ya haraka, kituo cha sekunde tano hivi, kisha milio minne tena, ndiyo ishara ya kaboni monoksidi katika vifaa vinavyouzwa Marekani. Ishara ya moshi ni milio mitatu, kituo kifupi, kisha mitatu tena. Betri inayokwisha hailii namna hiyo: hutoa mlio mmoja mfupi kila baada ya nusu dakika au dakika nzima, na huweza kuendelea hivyo siku kadhaa.

Kwa hiyo tafadhali toka nje sasa hivi na wote waliomo ndani, hata kama mtoto amelala, na mkiwa nje pigeni 911, namba ya dharura, mueleze kwamba king'ora cha kaboni monoksidi kililia usiku. Zimamoto watakuja na kipimo. Msirudi ndani kuchukua vitu, na msianze kutafuta chanzo wenyewe. Ikiwa kuna yeyote mwenye maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, lisemeni hilo mwanzo kabisa wa simu. Maelezo ya namna kifaa kinavyofanya kazi nitayaandika nikijua kwamba mko salama.

Dada wa Njombe (Minnesota)

Nashukuru sana, Fundi. Tulifanya kama ulivyoelekeza. Zimamoto walikuja upesi, wakapima kila chumba, na wakakuta gesi hiyo ni nyingi zaidi katika chumba cha chini kuliko huku juu. Walifunga gesi, wakamwita mtu wa kampuni ya gesi, naye akagundua kwamba bomba linalotoa moshi wa tangi la maji kwenda nje lilikuwa limeachana kwenye kiungo chake, hivyo moshi ulikuwa unarudi ndani badala ya kupanda juu. Tangi limefungwa lebo nyekundu na haliruhusiwi kuwashwa hadi litengenezwe. Sisi tuko kwa ndugu zetu. Mwanangu mdogo alikuwa akilalamika kichwa tangu juzi nasi tukadhani ni mafua, kwa hiyo tunampeleka hospitali jioni hii hii. Sasa naomba yale maelezo, kwa sababu nataka kukielewa kifaa hiki kikamilifu.

Fundi wa Hita

Namshukuru Mungu kwamba mko salama. Hakikisheni hospitali wanaambiwa habari ya king'ora, wasije wakatibu mafua.

Ndani ya ganda lile moja mna vitambuzi viwili ambavyo havihusiani hata kidogo. Vinachotumia kwa pamoja ni umeme, king'ora, na kijikompyuta kinachosoma taarifa za vyote viwili na kuamua ishara ipi ipigwe. Hatari zote mbili zikitokea kwa wakati mmoja, ishara ya moshi hutangulia, kwa sababu moto unaweza kuziba njia ya kutokea ndani ya dakika chache.

Sehemu ya moshi, katika vifaa vingi vya sasa, hutumia mwanga. Kuna kijumba cheusi chenye kuta zilizopindapinda ili hewa iingie lakini mwanga wa chumbani usipenye. Humo taa ndogo sana hutuma mwali kuelekea upande mmoja, na jicho la kielektroniki limetegwa pembeni, mahali ambapo mwali ule haulifikii. Hewa ikiwa safi, jicho haliambulii kitu. Chembe za moshi zinapoingia, mwanga huzigonga na kutawanyika, sehemu yake humulika jicho, na kiasi hicho kikivuka mpaka uliowekwa king'ora hulia. Kutokana na utaratibu huo, mvuke wa maji ya kuoga, vumbi lililojikusanya na hata mdudu aliyejificha ndani ya kijumba huweza kukiliza kifaa pasipokuwa na moto, maana navyo hutawanya mwanga. Kifaa kipanguswe kwa mashine ya kufyonza vumbi mara kwa mara, na kisiwekwe karibu na mlango wa bafu wala ndani ya mita tatu hivi kutoka kwenye jiko la kupikia.

Ipo aina nyingine ya kutambua moshi, ya zamani kidogo, inayotumia chembe ndogo mno ya amerisiamu 241 (elementi yenye mionzi), uzito wake ukiwa chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Mionzi yake huipa hewa iliyo kati ya vibati viwili uwezo wa kupitisha mkondo mdogo wa umeme, na moshi ukiingia mkondo huo hupungua. Aina hii huwahi kutambua moto wenye miali mikubwa, ambao chembe za moshi wake ni ndogo sana, ilhali ile ya mwanga huwahi kutambua moto unaofukuta polepole, kama wa godoro au kochi lililoangukiwa na sigara. Mionzi hiyo haimdhuru mkaaji wa nyumba, lakini kifaa hicho kisifunguliwe wala kisichomwe pamoja na takataka.

Sasa tuje kwenye kaboni monoksidi, ambayo ndiyo iliyowatembelea. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haina chembe za kutawanya mwanga, kwa hiyo jicho lile la moshi haliioni kabisa hata ikijaa chumba kizima. Hutambuliwa kwa kemia. Ndani ya kifaa mna seli ndogo yenye elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme, na baina yake kuna kimiminika chenye asidi. Kaboni monoksidi ikifika kwenye elektrodi ya kwanza hukutana na maji, ikageuka kuwa kaboni dioksidi na kuachia elektroni, yaani chembe za umeme. Elektroni hizo hupita kwenye waya kwenda elektrodi ya pili, ambako oksijeni huzipokea na kuwa maji. Kadiri gesi inavyozidi hewani ndivyo mkondo huo wa umeme unavyoongezeka, na kijikompyuta huugeuza kuwa namba: sehemu ngapi za gesi katika kila sehemu milioni za hewa. Kwenye vifaa vyenye kioo utaona namba hiyo ikifuatwa na herufi ppm.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba kifaa hakilii mara tu kinapoihisi gesi. Kinahesabu kiasi pamoja na muda. Chini ya kanuni ya Marekani iitwayo UL 2034, gesi ikiwa sehemu 70 kwa milioni, kifaa kinatakiwa kilie kati ya dakika 60 na 240. Ikiwa 150, kati ya dakika 10 na 50. Na ikiwa 400, kati ya dakika 4 na 15. Ikiwa ni 30 tu, hakiruhusiwi kulia hata gesi ikikaa hapo siku 30. Sababu ni kwamba gesi hii huumiza kwa kujilimbikiza katika damu, na kanuni ilipangwa ili mtu mzima mwenye afya aamshwe kabla sehemu kubwa ya damu yake haijashikwa. Dada, maana yake kwenu ni hii: king'ora kilipolia, gesi ilikuwa imekwisha kukaa nyumbani mwenu kwa muda. Kilinyamaza kwa sababu mlifungua madirisha na kiasi kikashuka, si kwa sababu chanzo kilikuwa kimeondoka. Mngefunga madirisha na tangi likaendelea kuwaka, kingelia tena, au kingekuta watu wamelala usingizi mzito mno.

Mwisho, kifaa kina umri. Kitambuzi cha moshi huhesabiwa miaka 10 tangu kilipotengenezwa. Seli ya kaboni monoksidi huchoka, na kulingana na mtengenezaji vifaa vya pamoja hupewa miaka 7 hadi 10. Tarehe imeandikwa nyuma. Muda ukipita, betri mpya haiponyi kitu. Na kitufe cha kujaribia, ambacho nashauri kibonyezwe kila mwezi, huthibitisha kwamba king'ora na umeme viko sawa. Hakithibitishi kwamba seli bado ina nguvu ya kuitambua gesi. Mwambieni mwenye nyumba awaoneshe tarehe hiyo kabla hamjarudi.

Mzee wa Dodoma

Nawasalimu wote. Nimemsoma Fundi kwa makini, lakini nina swali. Tulifundishwa kwamba gesi ni nzito na hutambaa sakafuni, na ndiyo sababu mtu anayelala chini huathirika kwanza. Kama ni hivyo, kifaa kilichowekwa darini hakitachelewa?

Mwalimu wa Fizikia, Tanga

Shikamoo, Mzee. Swali lako ni zuri, na jibu lake hutegemea ni gesi ipi tunayoizungumzia, kwa sababu hapa zimechanganyika gesi mbili tofauti.

Gesi ya mitungi tunayopikia nyumbani ni mchanganyiko wa propani na butani. Uzito wa molekuli ya propani ni 44 na wa butani ni 58, ilhali wastani wa hewa ni takribani 29. Ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni na kujaa mabondeni mwa nyumba, kama ulivyofundishwa. Kaboni monoksidi ni 28, yaani inakaribiana sana na hewa yenyewe. Haizami wala haielei, bali huchanganyika na hewa ya chumba, na mara nyingi hupanda kwanza kwa sababu hutoka pamoja na hewa ya moto ya jiko au mtambo. Kwa hiyo kifaa cha kaboni monoksidi peke yake kinaweza kuwekwa ukutani au darini, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Kile cha pamoja huwekwa darini, au ukutani karibu na dari, kwa ajili ya moshi, maana moshi ndio unaokimbilia juu.

Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wakijiaminisha isivyo: kifaa cha moshi na kaboni monoksidi hakitambui mtungi unaovuja. Gesi ya mtungi hutiwa harufu kali kwa makusudi ili pua iitambue, na vipo vitambuzi vyake vya pekee ambavyo huwekwa chini, karibu na sakafu. Ukisikia harufu hiyo usiwashe wala kuzima taa; funga mtungi, fungua milango, utoke.

Lililo muhimu kuliko kimo ni ukaribu na kitanda. Mtu aliyelala hana budi kuusikia mlio. Sheria ya Minnesota anakokaa dada yetu inataka kitambuzi cha kaboni monoksidi kiwe ndani ya futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kila chumba cha kulala, na ushoroba ule ulikuwa mahali pake hasa.

Muuguzi wa Zamu

Poleni sana, dada, na nakupongeza kwa kuikataa ile hoja ya betri. Naongeza upande wa mwili.

Himoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni katika damu, hushikana na kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoshikana nayo oksijeni. Kwa hiyo hata gesi kidogo hewani, ikivutwa kwa saa nyingi, hukalia nafasi ya oksijeni, na ubongo na moyo huanza kupungukiwa. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa. Zinafanana na mafua, malaria au chakula kibovu, na ndiyo maana hupuuzwa. Vipo viashiria ambavyo mimi huviuliza kila mara: je, mgonjwa hana homa? Je, waliomo nyumbani wameugua pamoja, hata paka au mbwa? Je, wanapata nafuu wakitoka na kuugua tena wakirudi? Majibu yakiwa ndiyo, naiwaza gesi kabla ya ugonjwa mwingine wowote.

Tafadhali msitegemee kile kipimo kidogo cha kubana kidole. Vipimo vya kawaida vya aina hiyo haviwezi kuitofautisha himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksidi na ile yenye oksijeni, kwa hiyo mgonjwa anaweza kusomeka asilimia 98 au 99 huku hali yake ni mbaya. Mwombe daktari kipimo cha damu kinachopima gesi hii yenyewe. Tiba ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyo katika damu huchukua saa nne hadi sita kutoka; akivuta oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hushuka hadi kama saa moja au saa na nusu.

Jambo la kuangalia zaidi ni wajawazito, watoto wachanga na wenye maradhi ya moyo. Viwango alivyovitaja Fundi vilipangwa kwa kumfikiria mtu mzima mwenye afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, lilipendekeza kwamba wastani wa saa nane usizidi miligramu 10 kwa kila mita ya ujazo, sawa na sehemu 9 hivi kwa milioni, ilhali kifaa cha kawaida hakilii hata kwa 30. Kama nyumbani kuna mjamzito, napendelea kifaa chenye kioo kinachoonesha namba, ili familia ione gesi kidogo inayodumu kabla haijafikia kiwango cha mlio.

Mkazi wa Glasgow

Huku Uskoti, tangu tarehe 1 Februari 2022, sheria inataka kila nyumba iwe na kitambuzi cha moshi sebuleni na katika kila ushoroba, na kitambuzi cha joto jikoni, vyote vikiwa vimeunganishwa ili kimoja kikilia vyote vilie. Penye mtambo wa kupasha joto au jiko la kuotea moto linalotumia gesi, kuni au makaa, kitambuzi cha kaboni monoksidi ni lazima, lakini hicho hakilazimiki kuunganishwa na vingine, na nyumba nyingi ninazozijua zina kifaa cha pekee badala ya kile cha pamoja. Mimi nimeona faida yake: seli ikizeeka unabadilisha kimoja bila kukigusa kingine, na mgeni hachanganyi milio.

Tofauti nyingine ni viwango. Kanuni ya Ulaya, EN 50291, hutaka kifaa kilie kati ya dakika 60 na 90 kwa sehemu 50, kati ya dakika 10 na 40 kwa sehemu 100, na ndani ya dakika 3 kwa sehemu 300. Anayenunua ili kupeleka nyumbani aangalie namba hiyo ya kanuni, au ile ya UL, imechapishwa kwenye kifaa chenyewe na si kwenye boksi tu.

Dada wa Njombe (Minnesota)

Asanteni wote, na Muuguzi ubarikiwe. Mtoto alipimwa damu, akawekewa oksijeni, na sasa anacheza. Mwenye nyumba amekubali kuweka kifaa kingine katika chumba cha chini baada ya kukuta kwamba hiki cha juu kimebakiza muda mfupi. Naomba tumalizie la mama. Nikimwambia asiingize jiko hunijibu kwamba yeye huliwasha nje, huusubiri mkaa uive mpaka moshi uishe na uwe mwekundu mtupu, ndipo huliingiza, kwa hiyo hakuna hatari.

Mkazi wa Makambako

Dada, mimi niko jirani kabisa na mama, na baridi anayoizungumzia naijua. Hoja yake ndiyo inayosemwa na karibu kila mtu huku, na ina sehemu ya ukweli: mkaa ulioiva hautoi moshi. Lakini unaendelea kutoa kaboni monoksidi kwa wingi mpaka utakapozimika, maana kaboni ya mkaa inaungua ndani ya jiko lenye hewa haba. Kilichoondoka ni moshi uliokuwa ukimchoma macho na kumfanya afungue mlango. Baada ya hapo hakuna kinachomwonya, na kwa kuwa ni usiku wa baridi, dirisha limefungwa na nguo imetandazwa chini ya mlango.

Wala si tatizo la huku pekee. Mwezi Desemba 2006, upepo mkali ulipokata umeme katika eneo la Seattle huko Marekani, watu kadhaa walifariki na wengine wengi walipelekwa hospitali kwa gesi hii, na waliotumia mkaa ndani ya nyumba walikuwa hasa wahamiaji, Wasomali wakiwa miongoni mwao. Walikuwa wakifanya lililozoeleka kwao, ndani ya nyumba zilizozibwa barabara kuzuia baridi.

Kuhusu kifaa, ushauri wangu ni kwamba usimtumie mama kile cha pamoja. Nyumba nyingi za huku hupikia kuni au mkaa jikoni karibu na vyumba, na sehemu ya moshi italia asubuhi, mchana na jioni. Baada ya wiki moja wajukuu watatoa betri, na hapo kinga zote mbili zitakuwa zimeondoka kwa pamoja. Mnunulie kifaa cha kaboni monoksidi peke yake, chenye kioo cha namba, kiwekwe chumbani anakolala. Kioo hicho kitafanya kazi ambayo maneno yako hayajaifanya, kwa sababu atajionea mwenyewe namba ikipanda jiko likiwa jekundu na halina moshi.

Hata hivyo, nakuomba umweleze waziwazi kwamba kifaa hakihalalishi jiko. Kwa namna kinavyohesabu muda, jiko dogo linaweza kuufikisha mwili wake mahali pabaya kabla ya mlio, hasa kwa umri wake na kama ana shinikizo la damu. Mtafutie mablanketi mazito na chupa ya mpira ya maji ya moto, na jiko libaki kibarazani. Mimi niliwashawishi wazazi wangu kwa njia hiyo: tulipika maji jioni, tukajaza chupa mbili, na hawakuliulizia jiko tena.

Fundi wa Hita

Namuunga mkono ndugu wa Makambako kwa kila neno, na naongeza la kiufundi tu. Vifaa vya huku Marekani vinavyounganishwa kwenye nyaya za nyumba hutumia volti 120, na Tanzania ni volti 230, kwa hiyo chagua kinachotumia betri peke yake, ikiwezekana ile iliyofungiwa ndani ambayo hudumu kwa umri wote wa kifaa. Soma mwaka wa kutengenezwa kabla ya kulipa, kwa sababu hata vilivyo dukani vinaendelea kuzeeka. Andika ubavuni mwa kifaa, kwa wino usiofutika na kwa Kiswahili, mwaka ambao kinatakiwa kuondolewa, kisha maneno haya: "Kikilia mara nne, tokeni nje wote", na chini yake namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114. Kifaa kikishafika, mpigie mama simu abonyeze kitufe cha kujaribia ukiwa unasikiliza, ili auzoee mlio wenyewe kabla ya Juni.